Istilahi za Gari la Fundi: Vitu Vina Majina, Vipimo Havina

Suala la istilahi za ufundi limezungumzwa mara nyingi katika majarida ya lugha yetu, na aghalabu mazungumzo hayo yameishia katika swali moja: je, neno la kigeni litoholewe, au litafutiwe badala yake neno la asili? Swali hilo ni halali. Hata hivyo, kwa maoni yetu, limepewa nafasi kubwa kuliko linavyostahili, hata likafunika swali jingine lililo zito zaidi, yaani: ni dhana zipi ambazo hazina jina thabiti kabisa, na ukosefu wa jina hilo unamdhuru nani?

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo la pili kwa kutazama uwanja mmoja mdogo, nao ni uandaaji wa gari la kazi la fundi wa matengenezo. Tunamkusudia yule fundi asiye na karakana ya kudumu, ambaye asubuhi anarekebisha bomba lililopasuka, mchana anafunga kitasa, na jioni anaziba paa linalovuja. Kwake yeye gari si chombo cha safari tu. Ni karakana, ni ghala, na ni benchi lake la kazi.

Tumeuchagua uwanja huu kwa sababu tatu. Kwanza, unakutanisha fani nyingi kwa pamoja: useremala, uhunzi, umeme, umakanika, na hata sheria. Pili, maneno yake yamo midomoni mwa watu kila siku. Hayahitaji kuamshwa kutoka katika kamusi. Tatu, kasoro ya neno katika uwanja huu haibaki kwenye karatasi. Inafika kwenye springi, kwenye breki, na kwenye waya ulio nyuma ya kiti cha dereva.

FUNDI NA GARI LAKE

Neno "fundi" lina upana ambao lugha nyingi zingelionea wivu. Mshonaji ni fundi, mwashi ni fundi, na mtu yeyote aliyebobea katika jambo lake husifiwa kuwa ni fundi. Utumishi wetu umelipunguza kwa manufaa, ukatupatia "fundi sanifu" na "fundi mchundo", na maneno hayo mawili yamekaa vizuri. Kwa yule anayefanya kazi ndogondogo za fani mbalimbali katika nyumba za watu, tunaona kwamba "fundi wa matengenezo" linatosha. Si jina fupi, lakini halimpotoshi mtu.

Kitenzi ndicho chenye matatizo. Ukisema kwamba mtu "anatengeneza gari", msikilizaji hajui kama gari limeharibika na linarekebishwa, au ni zima na linawekewa makabati, rafu na taa za kazi. Tofauti hii si ndogo kwa mwenye gereji anayetoza fedha, wala kwa fundi anayelipa. Tunapendekeza "kutengeneza" libaki na maana yake iliyozoeleka, na kazi ya kulifanya gari lifae kwa shughuli maalumu iitwe "kuandaa gari". Kutokana na kitenzi hicho tunapata "uandaaji", ambayo ni kazi yenyewe, na "maandalizi", ambayo ni vile vitu vilivyofungwa garini kwa kudumu.

Ama gari lenyewe, umma haukungoja kamati. Yale magari madogo ya mizigo ya Kijapani, ambayo yameenea sana katika miji ya Tanzania, yamepewa jina la "kirikuu", ambalo wengi hulihusisha na filamu ya katuni ya mwaka 1998 juu ya mtoto mdogo mwenye uwezo uliopita umbo lake. Jina hili lina sifa zote ambazo muundaji istilahi huzitafuta: ni fupi, linatamkika, na linabainisha aina moja ya gari bila ya kuichanganya na pikapu wala lori. Anayetaka kuliondoa kwa sababu limezaliwa mtaani hana budi atuambie ni neno gani la kamusini linalofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Sisi hatulijui.

VITU VINA MAJINA

Tukiingia ndani ya gari hilo, tunakuta kwamba karibu kila kitu kinachoonekana kina jina. Kuna bisibisi, nyundo, patasi, tindo, tupa, koleo, msumeno, randa, timazi na pimamaji. Kuna jiriwa iliyofungwa pembeni mwa bodi. Kuna spana, jeki, keria na turubai. Mengine ni ya asili, mengine yaliingia zamani kutoka Kiarabu, Kiajemi au Kireno, kama "parafujo", na mengine yametoholewa kutoka Kiingereza katika karne iliyopita. Fundi hayabagui. Anaagiza kwa majina hayo dukani na anapewa kile alichokitaka.

Hapa ndipo tunapopenda kutoa hoja yetu ya kwanza ya uhakiki. Orodha nyingi za istilahi za ufundi hutumia nguvu nyingi katika kuvipa majina mapya vitu ambavyo tayari vinayo. Mvutano baina ya "keekee" na "drili" ni mfano mzuri. "Keekee" limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na ni neno zuri. "Drili" ndilo linalosikika katika maduka mengi leo. Fundi anayesikia mojawapo kati ya hayo hawezi kutoboa mahali pasipo pake kwa sababu ya neno. Vivyo hivyo "parafujo" na "skrubu". Mvutano wa aina hii una faida kwa mtungaji wa kamusi, lakini haumwokoi mtu yeyote na hatari yoyote, na kwa hiyo haustahili kutangulia mingine.

Iko mifano michache ambamo jina la kitu lenyewe lina kasoro, nayo yafaa itajwe. Kile kisanduku kinachovutwa kutoka katika kabati kimeitwa kwa muda mrefu "mtoto wa meza". Maadamu kabati ni la meza, jina hilo lina utani na lina picha. Lakini katika gari la fundi hakuna meza, na mtoto asiye na mama ni yatima. Wengi husema "droo". Wapo waliotumia "saraka", neno la zamani lenye maana hiyohiyo, ambalo siku hizi limepewa pia kazi katika istilahi za kompyuta. Kwa kuwa seremala na mtaalamu wa kompyuta hawakutani katika sentensi moja, hatuoni ubaya wa "saraka" kutumika mahali pote pawili. Na anayesema "droo" aachwe aseme. "Rafu" halina mashindano, na libaki.

Tukumbuke pia utaratibu tuliourithi wa kutafuta istilahi: kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Utaratibu huo umetupatia maneno yaliyokomaa kama "ikulu" kutoka Kinyamwezi na "ngeli" kutoka Kihaya. Lakini utaratibu huo unajibu swali la mahali pa kulipata neno. Haujibu swali la dhana ipi ianze kutafutiwa. Uamuzi huo wa pili umeachwa kwa mkusanyaji, na mkusanyaji, akiwa binadamu, huanza na kile anachokiona kwa macho. Anaona nyundo, anaandika nyundo. Uzito hauonekani.

UZITO WA NINI?

Nyuma ya kirikuu kilichoundwa kwa ajili ya soko la Japani huwekwa maandishi yanayotaja shehena ya juu kabisa inayoruhusiwa, na mara nyingine maandishi hayo bado yanasomeka baada ya gari kuvuka bahari: herufi za Kijapani, na mwishoni namba 350 na alama ya kilogramu. Kanuni za Japani za tangu mwaka 1998 zinaiwekea aina hii ya gari urefu usiozidi mita 3.40, upana usiozidi mita 1.48, kimo kisichozidi mita 2.00, injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, na shehena isiyozidi kg 350.

Tuchukulie kwamba mtu anatakiwa kuyaeleza maandishi hayo kwa Kiswahili katika kijitabu cha mafundisho. Bila shaka ataandika: "Uzito: kg 350." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haina maana. Ni uzito wa nini? Wa gari lenyewe? Wa mzigo? Wa mzigo pamoja na watu? Wa vyote kwa jumla? Kila msomaji atachagua jibu lake, na lililo jepesi kwake ndilo atakalolichagua.

Mitaani tunasema "gari la tani tatu" au "gari la tani saba", na kila mtu anaelewa kwamba zinazohesabiwa ni tani za mzigo. Mazoea haya ni mazuri, lakini yana upungufu mmoja: yanachukulia kwamba gari ni tupu kama lilivyotoka kiwandani. Gari la fundi halikai hivyo. Mara tu linapoandaliwa, sehemu ya uwezo wake inaliwa na maandalizi yenyewe, na hakuna neno la mtaani linaloitaja sehemu hiyo iliyoliwa.

Hesabu itaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo. Tuseme kirikuu chetu kina uzito wa kg 700 kikiwa kitupu. Wajapani wanamhesabia kila mtu kg 55, na wenye kukaa ni wawili, yaani kg 110. Ukijumlisha na shehena ya kg 350 unapata kg 1,160, na huo ndio mpaka wa gari zima. Sasa fundi anakwenda kwa mchomeleaji, anaagiza sanduku na makabati ya chuma, na tuseme kazi hiyo inakula mita 6 za mraba za bati nene la milimita 3. Mita moja ya mraba ya bati hilo ina uzito wa kg 23.5 hivi. Mita 6 ni kg 141. Zilizobaki katika zile 350 ni kg 209.

Mfuko wa saruji una kg 50. Kabla ya kuandaliwa, gari lile lilikuwa na haki ya kubeba mifuko saba. Baada ya kuandaliwa, linabeba minne, na bado hata nyundo moja haijapakiwa. Fundi aliyeambiwa tu kwamba "uzito ni kg 350" ataendelea kuhesabu mifuko saba, na hatutamlaumu, kwa sababu lugha aliyopewa haikumpa mahali pa kuziweka zile kg 141.

Hapa istilahi moja haitoshi. Zinatakiwa walau nne, na kila moja ina matatizo yake.

Ya kwanza ni uzito wa gari kabla ya kupakiwa kitu. Wapo wanaoandika "uzito mtupu". Hatukubaliani nao. Katika Kiswahili kivumishi hufuata nomino yake, na "mtupu" hapa unavumisha uzito, wala si gari. Maana inayopatikana ni "uzito peke yake". Ni kweli kwamba tungependa istilahi fupi, lakini ufupi ukivunja maana si fadhila. Yafaa iwe "uzito wa gari tupu". Watu wanaonunua gesi ya kupikia tayari wameizoea dhana hii, kwani wanajua kwamba "mtungi wa kilo 15" hutajwa kwa gesi iliyomo, na kwamba uzito wa mtungi wenyewe ukiwa hauna gesi huandikwa mahali pake kwenye chuma. Anayeielewa hesabu ya mtungi hatashindwa na hesabu ya gari.

Ya pili ni uzito wa vile vilivyofungwa kwa kudumu, yaani "uzito wa maandalizi". Hii ndiyo dhana ambayo haikuwa na jina, na ndiyo yenye kuleta madhara kwa kimya chake.

Ya tatu ni kile kinachopakiwa na kupakuliwa. Kwa hili tunalo neno ambalo mabaharia wa pwani walilitumia kabla ya injini kujulikana, nalo ni "shehena". Lina faida juu ya "mzigo", kwa kuwa mzigo ni wowote, hata wa kichwani, lakini shehena ni ile iliyomo chomboni. Bandarini linatumika kila siku. Halina sababu ya kuishia getini.

Ya nne inahitaji uangalifu zaidi. Gari likipandishwa kwenye mizani, namba inayotoka ni "uzito jumla", yaani uzito wa vyote kwa saa ile. Lakini kile ambacho gari haliruhusiwi kukivuka si namba ileile, ni mpaka. Tukitumia "uzito jumla" kwa yote mawili, tutapata sentensi za ajabu, kama vile kusema kwamba uzito jumla umezidi uzito jumla. Tunapendekeza mpaka uitwe "ukomo wa uzito". Tofauti hii haina mchezo. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, ikiwamo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, zinahitaji istilahi zisizoyumba. Neno litakalomhukumu dereva kortini halifai kuwa na maana mbili.

GEJI KUBWA NA UMEME MDOGO

Uzito si kipimo pekee chenye jina legelege. Ipo mifano miwili mingine ambayo kila aliyewahi kuandaa gari la kazi amekutana nayo.

Wa kwanza ni "geji". Wanunuzi wa mabati ya kuezekea wanajua kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la 32. Namba inapanda, unene unashuka. Sasa mwambie mchomeleaji kwamba unataka makabati ya "geji kubwa". Je, umemwagiza bati nene, kwa kuwa ukubwa huashiria nguvu, au umemwagiza jembamba, kwa kuwa namba yake ndiyo kubwa? Agizo hilo haliwezi kufasiriwa kwa uhakika na mtu yeyote. Katika ule mfano wetu, kama bati la milimita 3 lingebadilishwa na la milimita 1.5, maandalizi yangekuwa na kg 71 badala ya 141, na fundi angerudishiwa kg 70, ambazo ni zaidi ya mfuko mmoja wa saruji. Kwa hiyo hatupendekezi "geji" lifutwe, kwani limekwisha kuzoeleka madukani, lakini katika maandishi ya mafundisho na katika mikataba tunashauri litumike "unene", tena kwa milimita. Neno hilo halihitaji kubuniwa na kamati yoyote. Linahitaji kutumiwa tu.

Wa pili ni "umeme". Wengi wetu husema "umeme mkubwa" na "umeme mdogo", na kwa kawaida hukusudia volti: nguzo za barabarani zina umeme mkubwa, betri ya gari ina umeme mdogo. Kwa mtu anayeogopa kupigwa na umeme, mgawanyo huo una busara yake. Lakini kwa fundi anayeweka gari lake inveta ili atumie keekee ya umeme mahali pasipo na umeme, mgawanyo huo unaweza kumchomea gari. Keekee ya wati 600, ikiendeshwa kwa betri ya volti 12, inavuta ampea 50 hata kabla ya kuhesabu kile kinachopotea ndani ya inveta. Keekee hiyohiyo kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 inavuta ampea zisizofika 3. Waya mwembamba unaofaa nyumbani, ukitumiwa baina ya betri na inveta, utapata moto mpaka ganda lake liyeyuke. Na aliyeufunga aliambiwa kweli kwamba betri ina "umeme mdogo".

Kinachokosekana hapa si neno la kigeni. "Mkondo" lipo, "volti" na "ampea" zipo, "fyuzi" ipo, nazo zimo katika vitabu vya shule. Kasoro ni kwamba waandishi wa maelezo ya ufundi hurudi kwenye "umeme" wakidhani kwamba wanamrahisishia fundi. Kwa kweli wanamnyima silaha. Mtu anayeweza kukumbuka namba za spana zote za gereji hashindwi kujifunza kwamba mkondo na volti ni vitu viwili, na kwamba unene wa waya hufuata mkondo.

MAHALI PA SHEHENA

Baada ya kiasi huja mahali. Hapa Kiswahili kina hazina ambayo haijatumiwa ipasavyo, yaani hazina ya jahazi. Watu wa pwani walikuwa na "farumi", uzito uliowekwa chini ya chombo ili kisipinduke kikiwa hakina shehena ya kutosha. Hatupendekezi kwamba vifaa vya fundi viitwe farumi. Farumi hubebwa kwa ajili ya kukituliza chombo tu, ilhali jenereta hubebwa kwa sababu inahitajika kazini. Na kulinyoosha neno mpaka likapoteza maana yake si kulifufua. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba elimu yenyewe si ngeni: kizito huwekwa chini, na pale ambapo chombo kinakistahimili.

Kwa gari la magurudumu manne "pale" ni mbele ya ekseli ya nyuma, karibu nayo. Tuseme umbali baina ya ekseli mbili ni mita 1.9, na fundi ameifunga jenereta ya kg 50 nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haibebi kg 50 tu. Inabeba kg 63, na kg 13 zimeondolewa katika magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoliongoza gari. Hesabu hii ni ya mizani ya kawaida, na mtoto aliyepanda bembea ya ubao anaijua kwa mwili wake. Lakini kijitabu kinachosema tu "panga mizigo vizuri" hakimfundishi mtu kitu. "Vizuri" si kipimo.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni kile kinachotokeza nje ya gari. Bomba la plastiki huuzwa kwa urefu wa mita 6, na kirikuu kizima, kutoka pua hadi mkia, hakizidi mita 3.4. Hata likilazwa juu ya keria, mita 2.6 au zaidi zitakuwa hewani. Sehemu hiyo iliyo hewani haina jina la hakika. Wengine husema "mkia", wengine hueleza kwa sentensi nzima. Tunapendekeza "mchomozo", kutokana na kitenzi "chomoza" ambacho kila mtu anakijua. Mchomozo unaweza kuwa wa mbele au wa nyuma, unaweza kupimwa kwa mita, na unaweza kuwekewa mpaka. Mkia haupimwi.

HOJA ZA KUPINGA

Tunatambua kwamba yako mambo mawili yatakayosemwa dhidi ya maoni haya.

La kwanza ni kwamba mafundi hawasomi orodha za istilahi, na kwamba tofauti kama ile ya "uzito jumla" na "ukomo wa uzito" itabaki kwenye makaratasi ya ofisi. Jibu letu ni kwamba mafundi wamekwisha kuonyesha mara nyingi kuwa hulipokea neno pale linapowaondolea hasara. Walipokea "volti" na "fyuzi" bila ya kulazimishwa, kwa sababu bila ya maneno hayo mtu hununua balbu isiyofaa. Neno litakalomwonyesha fundi ni mifuko mingapi ya saruji aliyobakiza litajitafutia njia lenyewe.

La pili ni kwamba lugha ya kawaida imetuvusha miaka yote, na magari yanakwenda. Ni kweli yanakwenda. Yanakwenda pia kwa mafundi wa springi mapema kuliko inavyopasa, tairi zinaisha upande, na breki zilizopimwa kwa kg 1,160 zinaombwa kusimamisha zaidi ya hapo kwenye mteremko. Hatusemi kwamba neno litashika breki. Tunasema kwamba mtu hawezi kujihadhari na kitu ambacho lugha yake haijamtenganishia na kingine.

MAPENDEKEZO

Kwa kufuata hoja tulizozieleza, tunaweka mbele ya wasomaji wetu istilahi zifuatazo ili zijadiliwe kabla ya kusanifiwa:

Gari la kazi: gari lililoandaliwa kwa ajili ya shughuli maalumu ya mwenye nalo.

Kuandaa gari: kulifunga gari vitu vya kudumu ili lifae kwa kazi, si kulirekebisha.

Maandalizi: makabati, rafu, saraka, keria, betri ya ziada na vinginevyo vilivyofungwa garini kwa kudumu.

Uzito wa gari tupu: uzito wa gari kabla ya maandalizi, watu na shehena.

Uzito wa maandalizi: uzito wa vyote vilivyofungwa kwa kudumu.

Shehena: vifaa na mali vinavyopakiwa na kupakuliwa.

Uzito jumla: uzito wa gari, maandalizi, watu na shehena kwa wakati mmoja, kama unavyosomeka kwenye mizani.

Ukomo wa uzito: uzito jumla usioruhusiwa kuvukwa.

Unene: kipimo cha bati au waya kwa milimita, katika maandishi yote ya mafundisho na mikataba.

Mchomozo: sehemu ya shehena iliyotokeza nje ya mwili wa gari, mbele au nyuma.

Wasomaji wataona kwamba katika orodha hii hakuna bisibisi wala nyundo. Hatukuziacha kwa kuzidharau. Zimekwisha kupata majina yao, na waliozipa majina hayo ni mafundi wenyewe, ambao hawakuhitaji msaada wetu. Kazi iliyosalia kwa wanaistilahi ni ile isiyoshikika kwa mkono: kiasi, mpaka, mkondo na mahali. Tungewaomba wakusanyaji wa istilahi za fani nyingine, hasa za ujenzi, uvuvi na kilimo cha trekta, wazipitie orodha zao kwa jicho hilo, na kila wanapokuta neno moja limebeba vipimo viwili, watuandikie.